Haoni, Hasikii, na Miguu Haimbebi: Nyeri Tunampeleka Wapi?

Kijana wa Nyeri, wa Karatina, wa Nanyuki, hebu nikuulize. Mtoto asiyesikia anasomea wapi? Utaniambia Tumutumu, hapo karibu na Karatina. Asiyeona je? Utasema Thika, shule iliyoanza 1946, ama St. Lucy kule Igoji, Meru. Sawa kabisa.

Sasa mtoto ambaye haoni, hasikii, na miguu haimbebi vizuri, utampeleka wapi?

Hapo ndipo tunanyamaza. Kuna shule ya viziwi wasioona Kabarnet, lakini hiyo iko Baringo, ng'ambo ya Bonde la Ufa. Kwa hivyo watoto wengi wa aina hii wanabaki ndani ya nyumba. Si kwamba mama hawapendi. Mtoto ameshakuwa mzito, na mgongo wa mama umechoka.

Shida ni hii: vifaa vingi vimeundwa kwa ulemavu mmoja. Fimbo nyeupe inataka mkono usiotetemeka na miguu imara. Kiti cha kusukuma mwenyewe kinataka mikono yenye nguvu. Simu ya Android ina TalkBack, inakusomea kila kitu bila malipo, lakini itamfaa nini asiyesikia? Huyo anahitaji kifaa cha breli cha kuunganisha na simu, na bei yake inapita ya simu yenyewe mara nyingi.

Halafu kuna ile hafla unayoijua. Mheshimiwa anakuja na lori la viti vya magurudumu, vyote saizi moja, picha zinapigwa, watu wanapiga makofi. Kiti cha sakafu ya hospitali, kipeleke Othaya ama Mukurwe-ini wakati wa mvua: yale magurudumu madogo ya mbele yanazama kwenye tope. Mtoto asiyeweza kukaza shingo akikalishwa kwenye kiti cha mtu mzima anapinda mgongo na kupata vidonda. Huo si msaada. Ni picha tu.

Na usikubali kuambiwa ni hisani. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2008. Mwaka 2025 tukapata sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Karatasi tunazo. Viti ndivyo hatuna.

Na si sisi peke yetu. Mwaka 2022 WHO na UNICEF walisema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji kifaa kimoja au zaidi, na karibu bilioni moja hawavipati.

Lakini bei isitufunge mikono. Zimbabwe walibuni njia ya kutengeneza viti vya watoto kwa maboksi ya katoni na uji wa unga. Unabandika tabaka juu ya tabaka, unakausha, unapata kiti kigumu kilichokatwa kwa kipimo cha mtoto mmoja. Maboksi yako kila duka la Nyeri mjini. Fundi wa jua kali anaweza kuweka fremu na magurudumu ya baiskeli, na yakipata pancha yanazibwa papo hapo mtaani. Sharti moja tu: mtaalamu wa tiba ya viungo apime kwanza, na apime tena mtoto anapokua.

Basi wewe fanya hivi. Kama unajua nyumba yenye mtoto kama huyu, wasaidie wamsajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Hapo ndipo maombi ya kifaa yanapoanzia. Kaunti ikiita wananchi kwa mambo ya bajeti, enda. Simama uulize: viti vilivyopimwa ni vingapi, na nani atavitengeneza vikivunjika? Kama wewe ni fundi, mkono wako unahitajika.

Huyo mtoto hataki makofi yetu. Anataka kutoka nje aote jua.