Kabla Mstari Haujachorwa, Tuulizeni Maji Hupita Wapi

Kwa Meneja wa TANROADS,
Mkoa wa Manyara, Babati.

YAH: TATHMINI YA MAZINGIRA NA MAONI YA WANANCHI KUHUSU BARABARA ZA MKOA WETU

Ndugu Meneja,

Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaingia mji wa Katesh. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Barabara kuu ya Babati–Singida, iliyotegemewa kutoa majeruhi na kupitisha waokoaji, nayo ilifukiwa, ikabidi mitambo ianze kwa kuizibua. Tangu siku hiyo, kwetu barabara si ya kusafirishia mahindi na mbaazi tu. Ni njia ya kukimbilia.

Ombi langu ni kwamba kila barabara inayojengwa au kupanuliwa mkoani hapa, tathmini yake ya athari kwa mazingira ijibu swali hili: likitokea la kutokea, watu watapita wapi? Na wakazi waulizwe mapema, si siku mkandarasi anaposhusha mitambo.

Itazame Babati mjini. Juu kuna Mlima Kwaraa, chini kuna ziwa, na katikati ndipo zinapokutana barabara za Arusha, Singida na Dodoma. Wenyeji wanayakumbuka mafuriko ya Ziwa Babati ya mwaka 1990. Mahali kama hapa, tuta la barabara likiinuliwa bila makalavati ya kutosha hugeuka bwawa. Maji ya mlimani hukosa pa kwenda, yakaingia majumbani. Magogo yakiziba kalavati, maji hupanda juu ya tuta na kuikata lami saa ileile watu wanapoihitaji.

Haya si ya milimani peke yake. Mei 2024, mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi huko Kilwa, mikoa ya kusini ikatengwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari. Tahadhari ilikuwepo, njia ndiyo iliyokosekana.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ifanyike kabla ya mradi kuanza. Kanuni za mwaka 2005 zinamtaka mwenye mradi atangaze, asikilize wanaoguswa, na aambatanishe muhtasari wa Kiswahili usio wa kitaalamu. Kasoro iko kwenye utekelezaji. Mikutano ya namna hii tunaijua: ramani inabandikwa ukutani ikiwa na maandishi ya Kiingereza, wageni wanazungumza, kisha karatasi ya mahudhurio inazungushwa. Unaandika jina, namba ya simu na sahihi. Baadaye sahihi ya kuhudhuria inahesabiwa kuwa ya kukubali. Mzee akinyoosha mkono kusema kalavati limepangwa mbali na korongo, anajibiwa kwamba wataalamu wameshapima.

Najua utasema fedha hazitoshi. Hatudai barabara kuu ya pili. Mahali pengine itatosha kuimarisha barabara ya vumbi iliyopo, iwe na madaraja ya uhakika, ili lami ikikatika gari la wagonjwa lipite. Hilo mnaweza kulipanga pamoja na wenzenu wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, muhtasari wa Kiswahili na ramani inayosomeka vifike ofisi za mitaa na vijiji mapema kabla ya mkutano, na tangazo lisomwe redioni na mnadani. Pili, wataalamu watembee na wenyeji kwenye makorongo yote yanayokatiza njia, msimu wa mvua, si kiangazi tu. Tatu, mrudi kutuambia maoni yapi yamekubaliwa, yapi yamekataliwa, na kwa sababu gani.

Ndugu Meneja, mvua za mwisho wa mwaka huja kila mwaka, na mlima hauhami. Itisha mikutano hiyo sasa, kabla michoro mingine haijapitishwa. Sisi tutakuja, na tutasema tunayoyajua.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Babati mjini

Nakala: Mkuu wa Mkoa wa Manyara