Kulainisha Chuma Sio Kazi ya Waliofeli

Juzi usiku nimekesha nikimtazama Mmarekani mmoja akilainisha rivolva, ile bastola yenye silinda ya kuzunguka. Risasi ikitoka kwa silinda inaruka mwanya mdogo kabla iingie kwa mtutu, na mdomo wa mtutu umechongwa kama faneli ndiyo iipokee. Faneli ikiwa na mikwaruzo, inakwangua risasi, madini yanagandia ndani na shabaha inaharibika. Jamaa akapaka peisti ya kusaga kwa chuma kidogo, akazungusha polepole kwa mkono, akamulika tochi, akaacha. Watu wakamwita gwiji.

Kabla mniruke: bunduki mwachie mwenye leseni. Mimi naongelea mkono. Na huo mkono nimeuona hapa Daraja Mbili, kwa fundi wa nduthi, na hakuna aliyemwita gwiji.

Skiza. Kwa hedi ya injini, pale valvu inakaa pia ni faneli, digrii 45. Pakiwa na madoa valvu haifungi vizuri, nguvu inavuja, na nduthi inashindwa kupanda milima yetu. Fundi anapaka peisti, anazungusha valvu mbele na nyuma, anainua, anarudia, mpaka aone pete ya kijivu isiyokatika mahali. Anaosha, anafunga, anamwaga petroli juu ya valvu. Ikidondoka chini, anaanza upya. Wasee, hiyo ni kazi ileile!

Lakini kwetu garage ni adhabu. Nilipoacha chuo, shangazi aliniuliza, "Sasa utaenda garage?" kwa sauti ya mtu anayeuliza kama nitaenda jela.

Najua mtasema mafundi wetu ni waharibifu. Wengine ndio, sikatai. Nduthi ya kaka yangu, ya mkopo, ilipelekwa mahali ikasagwa valvu na drili, mbio mbio, na peisti haikuoshwa. Peisti ni kama mchanga, buda. Ilikula ringi na silinda, nduthi ikaanza kutoa moshi wa bluu, ikasimama. Mkopo haukusimama. Kaka alilipa kila siku kwa nduthi iliyolala.

Nilimlaani huyo fundi miezi. Halafu nikakumbuka vile tulimwambia: "Fanya haraka, pesa ni hiyo tu." Tulinunua haraka, tukapewa haraka.

Na sisi ndio watu wa kujua zaidi. Pale Tabaka, wamama wanasugua mawe ya Kisii kwa msasa na maji, ule mkali kwanza, laini mwisho. Ukiruka hatua mikwaruzo inabaki, na kila mtu anaiona. Tunajua ulaini hauna njia ya mkato. Kwa jiwe tunakubali, kwa chuma tunabargain.

So ukipeleka nduthi, wacha kusimama juu ya fundi ukipiga kelele. Mwambie akuonyeshe ile pete. Mwambie amwage petroli ukiona. Uliza ameosha peisti na nini. Akikuonyesha yote, lipa muda wake bila kulia.

Na wazazi, wacheni kututishia na garage. Kama mtoto wako hana subira, huko ndiko atafeli kwanza.