MASHINE IKITETEMEKA, ISIMAMISHWE



Kila mfanyakazi wa sukari katika bonde la Nyando anaijua sauti ya mashine zile za kuzunguka ambazo hutenga sukari na molasi. Tangu Miwani ilipoanza mwaka 1922, na Muhoroni na Chemelil zilipofuata katika miaka ya 1960, mashine za namna hiyo zimekuwa mlango wa mwisho: jasho lote la mkata miwa hupita hapo kabla halijawa sukari. Zikisimama, kiwanda kizima kinangoja. Ndiyo maana watu huogopa kuzisimamisha hata zinapotetemeka. Leo twasema juu ya hofu hiyo.

Tuanze na hesabu. Kikapu chenye upana wa mita 1.2, kikizunguka mara 1000 kwa dakika, hukandamiza ukutani kitu kilichomo kwa nguvu ya karibu mara 670 ya uzito wake. Basi kilo moja tu ya sukari ikizidi upande mmoja, mhimili na beringi huvutwa kama kwa mzigo wa kilo 670, na mzigo huo huzunguka pamoja na kikapu. Asemaye "ni mtikisiko mdogo, utakwisha wenyewe" hajapiga hesabu hiyo.

Mtu wa zamu aweza kuutambua ugonjwa kabla fundi hajafika. Mtikisiko ukianza baada ya kujaza, na ukiisha kikapu kikisha kuoshwa, kosa li katika kujaza: uji wa sukari umeingia vibaya ukalala upande mmoja. Lakini kikapu kikiwa kitupu na safi, na bado kinatikisika, basi fundi atazame wavu uliopasuka, bolti zilizolegea au beringi iliyolika. Mtikisiko unaozidi juma kwa juma, pamoja na joto na mlio wa kusaga, mara nyingi ni beringi. Usingojwe mwisho wa msimu.

Wenzetu wanaohudumia dekanta, yaani mashine ya ukoo huo iliyolazwa ubavu, yenye parafujo ndani ya kusukuma tope, wana shauri hilo hilo. Ioshwe kwa maji kabla ya kuzimwa. Tope likikauka ndani, asubuhi itaamka ikitetemeka.

Tena, kuzima swichi si kusimamisha kikapu. Huendelea kuzunguka kwa uzito wake. Asifungue mtu kifuniko, wala asiingize mkono au kijiti, mpaka kimesimama kabisa. Na fundi akiwa ndani, swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwake yeye mwenyewe.

Wako wanachama wasemao: "Mashine ni mali ya tajiri, ikivunjika shauri lake." Ndugu, ikivunjika tajiri hupoteza fedha, na mtu wa zamu hupoteza mkono. Mwaka 2025 viwanda vya Chemelil na Muhoroni vilikodishwa kwa makampuni ya binafsi. Awe nani mwenye kiwanda, uzito wa kikapu haubadiliki.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kila mashine iwe na daftari lake, na kila zamu iandike mtikisiko, joto na grisi iliyotiwa. Pili, saa za kuosha na kukagua zihesabiwe kuwa saa za kazi. Tatu, anayesimamisha mashine inayotetemeka asikatwe mshahara wala kuitwa mvivu.

Hatuombi sadaka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake anapoona hatari kubwa, na humkataza mwajiri kumrudisha mahali hapo hatari ikiwa bado ipo. Palipo na watu 20 au zaidi, sheria hiyo inataka kamati ya usalama, na wafanyakazi wawemo. Je, kwenu kamati iko? Ilikutana lini? Mwulizeni mjumbe wenu juma hili.

Nanyi wa zamu ya usiku, msipokezane mashine kwa kupungiana mkono tu. Semeni mlichokisikia, kisha kiandikeni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu twaweza kuujenga kwa mikono yetu.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI