Kabla ya Kuandika "Amina", Ulizeni Imetoka Wapi

Ndugu Wakenya, hasa ninyi mnaojaza makanisa Jumapili na mnaopanga safu misikitini Ijumaa: uchaguzi mkuu ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027, na uvumi haungoji tarehe. Unapita kwenye makundi yetu ya WhatsApp, yale yale tuliyoyafungua ili tuombeane, tuchangie mazishi na kukumbushana zamu ya kufagia kanisa.

Sauti inayotumwa humo mnaijua. Mama analia, mbwa wanabweka nyuma yake, anasema wameshaingia, kimbieni, mwambieni kila mtu. Wameingia wapi? Hasemi. Akina nani? Hasemi. Huenda ilirekodiwa uchaguzi uliopita, au hata nchi nyingine. Juu yake pana mishale miwili, alama ya ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi. Mtu anaandika "Mungu atulinde", kumi wanajibu "Amina", na hapo kundi zima limeshaugongea muhuri.

Gharama yake tunaijua. Mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, simu nyingi zilikuwa za kawaida tu, lakini ujumbe mfupi ulitosha kuchochea. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Sisemi uvumi ndio uliowaua. Palikuwa na kinyongo cha ardhi cha miaka mingi, wanasiasa waliochochea vijana na polisi waliofyatua risasi. Uvumi uliwapa watu sababu ya kuwahi kabla hawajawahiwa. Kule Kiambaa, karibu na Eldoret, waliokimbilia kanisani walichomewa humo humo siku ya mwaka mpya. Na viongozi wa dini? Februari mwaka huo Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande, likaomba radhi. Naiheshimu radhi hiyo, ila ilikuja watu wameshazikwa.

Wapo wanaotushauri tuzime simu, tufunge na kuomba, basi. Tuombe, ndiyo. Lakini asiyejua kinachoendelea huishia kumwamini anayepiga kelele kuliko wote, na Maandiko hayatupi ruhusa hiyo. Surat al-Hujurat inaamuru habari iletwayo na fasiki ichunguzwe kwanza, watu wasije wakadhuriwa kwa kutojua. Msomaji wa Biblia naye amkumbuke Hanania, nabii aliyewaambia watu wa Yuda kwamba nira ya Babeli ingevunjwa ndani ya miaka miwili. Habari tamu hiyo! Yeremia mwenyewe aliitikia Amina, kwa kuwa alitamani iwe hivyo, kisha akasema ukweli: ni miaka 70. Akawaandikia wale waliokuwa uhamishoni wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuzaa. Hilo ndilo tumaini la muumini. Lina ratiba ngumu, na lina jembe mkononi.

Sisi tuna kitu ambacho kituo chochote cha televisheni nchini hakina. Sauti ikidai Kuresoi kunawaka, Kuresoi kuna wachungaji, mapadri na maimamu, na namba zao zinapatikana kwa wenzao wa dhehebu. Wapigieni. Kila parokia, kila ushirika, kila msikiti uteue watu watatu wanaoaminika, mmoja wao awe mama wa makamo asiyeogopa kuuliza, na lisipite neno la hatari kundini kabla hawajampata mtu aliyeko pale pale. Wakimkosa, ujumbe ukae.

Halafu matokeo. Mwaka 2022 vituo vya televisheni vilijumlisha kura kila kimoja kwa mpangilio wake. Huku mgombea huyu akiongoza, kule yule, na nchi ikashikwa na kiwewe. Wakati huo huo Fomu 34A, zenye matokeo ya vituo vya kupigia kura zaidi ya 46,000, zilikuwa kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, IEBC, wazi kwa yeyote. Fomu hiyo hubandikwa pia mlangoni pa kituo baada ya kuhesabu. Vijana wetu wa kwaya na wa madrasa waipige picha, wailinganishe na iliyo kwenye tovuti, na wasome tarakimu kwa sauti mbele ya waumini, hata pale zinapomuumiza mgombea wetu. Hasa pale.

Jambo moja litatukwamisha: bahasha. Mchungaji aliyepokea milioni kutoka kwa mheshimiwa hawezi kumwambia mheshimiwa huyo kwamba anadanganya. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa Rais Ruto kwa kanisa la Soweto, na likataka fedha zirudishwe. Wapo watakaouliza basi paa la kanisa litaezekwa na nani. Jibu ni sisi, kwa sadaka zetu, hata kama litachukua miaka.

Basi wazee wa kanisa na kamati za misikiti, msingoje kampeni zipambe moto. Wiki hii, baada ya matangazo, wateueni hao watatu, bandikeni namba zao kwenye ubao wa matangazo, na waulizeni majirani zenu wa dini nyingine wao wamewateua akina nani, ili watu hao sita wajuane kabla simu haijaanza kulia usiku.