Mpaka wa Wadi Usichorwe Gizani

Kila mara Tume ya mipaka inapotandaza ramani yake mezani, watu wa mashinani hukumbuka jambo ambalo wakubwa hawapendi kulisema hadharani: kura yaweza kuibwa miaka mitano kabla ya siku ya kupigwa. Wizi wa namna hii hauhitaji askari wala sanduku lililojazwa usiku. Wakazi wa kijiji kilichohamishwa hujipanga foleni alfajiri kama wengine, hupiga kura kwa amani, kura zao zikahesabiwa moja baada ya nyingine bila hitilafu, na bado sauti yao isisikike popote. Kwa nini? Kwa sababu mtu mmoja aliushika wino akausogeza mstari ng'ambo ya mto.

Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaowaita wakazi wanaopinga mipaka mipya wachochezi, au watu wasioelewa maendeleo. Mkazi anayesimama barazani na kuuliza kwa nini kata ndogo yake imetolewa wadi hii ikatiwa ile anauliza swali la kikatiba, hata kama hajawahi kuishika Katiba mkononi.

Historia yetu haituruhusu kuwa wepesi wa kuamini. Nchi hii ilipopata uhuru mwaka 1963, Baraza la Wawakilishi lilikuwa na viti 117. Baraza la Seneti lilipounganishwa nalo mwishoni mwa 1966 viti vikawa 158. Kufikia uchaguzi wa 1988 vilikuwa 188, na mwaka 1996 vikaongezwa 22 kufanya 210. Nyakati zile makamishna waliteuliwa na Rais, naye Rais alikuwa mgombea. Katiba ya zamani ilisema kwamba maeneo ya uwakilishi yakaribiane kwa idadi ya watu, lakini ikaongeza maneno ya kuiachia Tume yenyewe ipime kinachowezekana. Sheria isiyoweka kikomo haimfungi mtu. Mwaka 1992, katika uchaguzi wa kwanza tangu kurejea kwa vyama vingi, Rais Moi alipata kura zisizofika asilimia 40, ilhali chama chake kilitwaa viti 100 kati ya 188. Wapinzani waligawanyika, hilo hatulikatai, na ni kosa walilolilipia kwa miaka kumi. Lakini mgawanyiko peke yake hauelezi hesabu ile yote. Eneo la watu wachache na eneo la watu tele yalikuwa yakipeleka mbunge mmoja mmoja, na haikuwa siri ni nani aliyenufaika. Tume ya Jaji Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa 2007, iliikemea tofauti hiyo bila kumung'unya maneno.

Katiba ya 2010 ilikuja na dawa, na msomaji wetu anastahili kuijua kwa undani, kwa maana ni silaha yake. Ibara ya 89 inaweka maeneo bunge 290. Inaamuru mipaka ipitiwe kila baada ya muda usiopungua miaka 8 wala kuzidi 12. Inataka idadi ya watu katika kila eneo bunge na kila wadi ikaribie wastani wa taifa, na isipungue wala kuzidi wastani huo kwa zaidi ya asilimia 30. Mijini mikubwa na sehemu zenye watu waliotawanyika, asilimia 40. Ndani ya kiwango hicho Tume yaweza kuzingatia sura ya nchi na miji, uhusiano wa jamii wa kihistoria, kiuchumi na kitamaduni, pamoja na njia za mawasiliano. Tena ni lazima iwasikilize wote wanaohusika. Hayo ya kusikilizwa si fadhila ya kamishna mwenye moyo mwema.

Mapitio ya kwanza chini ya Katiba hii yalifungwa Machi 2012. Wadi zikawa 1,450. Malalamiko yalimiminika Mahakama Kuu, kesi zaidi ya 100, kutoka karibu kila pembe ya nchi. Na mnamo Julai mwaka huo mahakama ikayakubali baadhi na kuyakataa mengine, ikaamuru marekebisho hapa na pale. Tunalikumbusha hilo kwa kuwa wako wanaosema kwamba Gazeti Rasmi la Serikali likishachapisha, basi, yamekwisha. Hayajakwisha.

Wengine huuliza kwa nini watu wagombane juu ya wadi, kitu kidogo hivyo. Zamani swali hilo lilikuwa na uzito. Diwani wa baraza la kale alikuwa mtu wa kuomba omba kwa waziri. Lakini tangu uchaguzi wa 2013 bajeti ya kaunti hupitishwa na wawakilishi wa wadi, na katika kaunti nyingi karo za watoto maskini, visima, zahanati na barabara za vijijini hugawanywa kwa hesabu ya wadi. Kijiji kikiwekwa mkiani mwa wadi isiyokijua, mama mjamzito ndiye wa kwanza kuonja mabadiliko hayo, kisha mtoto aliyekuwa akitegemea msaada wa karo. Nako kituo cha kupigia kura huenda kikahamia ng'ambo ya mto usio na daraja, ambao mvua za Aprili zikinyesha hauvukiki.

Zipo njia mbili za kuiua sauti ya jamii kwa kalamu, na mkazi azijue zote mbili. Ya kwanza ni kuikata vipande vitatu na kuvigawa kwa wadi tatu, ili jamii iwe wachache kila mahali. Ya pili ni kuirundika yote ndani ya wadi moja, ishinde hapo kwa kura nyingi zisizo na kazi, huku wadi jirani zikibaki salama mikononi mwa mwingine. Ramani yaweza kuonekana nadhifu sana na ikawa imefanya mojawapo ya hayo.

Hata hivyo haki inatudai tuseme upande wa pili. Si kila upinzani wa mpaka ni upinzani wa haki. Tumewasikia wazee wakidai wadi yao ibaki ya ukoo mmoja, wasichanganywe na wale waliokuja juzi, na hao wa juzi wanapochunguzwa wamekaa pale miaka 40. Katiba inaposema juu ya uhusiano wa jamii haikukusudia kila ukoo ujengewe ua wake. Wapo pia wawakilishi wanaokodi matatu kuwapeleka vijana kupiga kelele mbele ya Tume, si kwa ajili ya kijiji, bali kwa sababu kijiji kile ndicho kilichowapa kura. Maandamano ya aina hiyo ukiyauliza ni mto gani au soko gani linaloiunganisha jamii, yananyamaza.

Na kuna hofu nyingine ambazo hazina msingi, zinazoenezwa na watu wanaojua vyema kwamba hazina msingi. Mpaka wa wadi haugusi hati ya shamba la mtu. Haubadilishi lokesheni wala haumhamishi chifu; mipaka ya utawala ni jambo lingine. Wala Tume haina uwezo wa kuihamisha kata ndogo kutoka kaunti moja hadi nyingine: mipaka ya kaunti 47 imelindwa na Ibara ya 188, inayodai tume maalumu pamoja na theluthi mbili ya wabunge wote na theluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Ndugu zetu wa Maseno, au wa Mackinnon Road, wanaobishana juu ya kaunti yao, mlango wao ni huo.

Mkazi mwenye hoja ya kweli anaweza kuanza na hesabu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Gawanya kwa wadi 1,450, wastani ni watu 32,803 hivi. Kwa sehemu za kawaida za mashambani, wadi haifai kuwa chini ya watu 22,962 wala juu ya 42,644. Sasa tuseme wadi yako ina watu 27,000, na ramani mpya inaondoa kata ndogo yenye watu 6,000 na kuitia kwenye wadi jirani yenye 38,000. Yako itabaki na 21,000, ile itafika 44,000. Mstari mmoja umevunja Katiba mara mbili, na hapo hujataja ukoo, kanisa wala chama. Kamishna anaweza kuzipuuza sahihi elfu mbili. Hesabu ya sensa yake mwenyewe ataipuuza kwa shida kubwa.

Lakini hesabu nayo ina ukatili wake, na hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu wafikiri zaidi ya kijiji chao. Mwaka 2012 sheria ya mpito ilizuia kufutwa kwa eneo bunge lolote lililokuwapo. Hivyo zaidi ya maeneo 20 yaliyokuwa chini ya kiwango yaliokolewa, yakiwemo Lamu Mashariki, Wundanyi, Othaya na Mathioya. Kinga hiyo ilikuwa ya mapitio yale ya kwanza tu. Wakati huohuo Embakasi, iliyokuwa na mbunge mmoja kwa umati mkubwa kupita yote, iligawanywa mara tano, na ilikuwa haki. Itakuwaje basi kwa wadi ya Basuba, huko Lamu Mashariki, nyumbani kwa Waaweer, jamii ndogo ya msitu wa Boni? Ukiipima kwa mizani ya watu 32,803, haipo. Ukiiunganisha na Faza au Kiunga, hesabu itapendeza zaidi kidogo na Waaweer hawatamchagua mtu wao tena. Wapo watakaojibu kwamba jamii ndogo zitapewa viti vya uteuzi katika bunge la kaunti. Sisi hatuoni hivyo. Kiti cha uteuzi kimo mfukoni mwa mkubwa wa chama, na anayekipewa hujua ni nani wa kumshukuru. Bunge lingefanya vyema kuliamua suala la jamii kama hizi waziwazi, kwa sheria, badala ya kuwaachia makamishna lawama ya uamuzi ambao wanasiasa wanauogopa.

Kuogopa huko kuna ushahidi. Muda wa miaka 12 ulikwisha Machi 2024. Siku ilipofika, Tume haikuwa na kamishna hata mmoja. Mwenyekiti wa awali alikuwa ameondoka Januari 2023, na wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Nchi iliacha saa ya Katiba ipite kana kwamba ni basi lililokosa abiria. Tena Katiba inataka mapitio yamalizike angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu, na uchaguzi unaofuata ni Agosti 2027. Hatari tunayoiona si kuchelewa tu. Ni kwamba jambo lililocheleweshwa sana hufanywa mwishowe kwa pupa, vikao vya maoni vikaitwa kwa tangazo la siku mbili, kwenye ukumbi wa makao makuu ya kaunti ambako mkazi wa pembezoni hawezi kufika na kurudi siku hiyohiyo.

Makanisa yana kazi hapa. Katika miaka ya tisini nyua za makanisa zilikuwa kimbilio: Kanisa Kuu la All Saints liliwapokea akina mama wa wafungwa wa kisiasa mwaka 1992, na tarehe 7 Julai 1997 polisi walivamia humohumo na kuwapiga waliokusanyika kudai mageuzi. Kazi ya sasa ni ya kimya zaidi, lakini si ndogo. Parokia ina ukumbi, ina karani anayejua kuandika kumbukumbu, na ina waumini pande zote mbili za mstari unaobishaniwa. Maandiko yanamlaani asogezaye alama ya mpaka wa jirani yake, na laana hiyo haichagui chama. Ukumbi ufunguliwe kwa wote, wa madhehebu mengine na Waislamu pia. Mgombea akitaka kuketi meza kuu, aonyeshwe benchi la nyuma.

Mapitio yatakapotangazwa, kila kijiji kiwe na karatasi zake tayari. Andikeni takwimu za sensa za kila kata ndogo. Chorani ramani, hata kwa mkono, inayoonyesha mto, daraja lililopo na lisilopo, soko, zahanati na shule, na umbali wa kutembea kwa miguu. Kumbukumbu za mkutano ziwe na tarehe na majina ya waliosema, wanawake wakiwemo, maana mara nyingi wao ndio wanaoijua njia ya maji kuliko sisi. Waraka wa maoni upelekwe kwa Tume kwa mkono, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Asiye na nakala yenye muhuri atapata taabu kubwa mahakamani kuthibitisha kwamba aliwahi kusema neno.

Kisha litazameni Gazeti Rasmi. Tangu siku ya kuchapishwa, si siku mliyosikia habari, mna siku 30 za kwenda Mahakama Kuu, nayo ina miezi mitatu ya kusikiliza na kuamua. Siku ya 31 hakuna wakili wa kuwasaidia. Chagueni mapema watu watatu watakaoapa hati za kiapo, wasiwe wawaniaji wa kiti chochote, na majina yao yasomwe mbele ya watu Jumapili na Ijumaa ili kila mtu ajue ni nani anayesema kwa niaba yake.