Landrova Kongwe na Giaboksi Ngeni

Gwarama ni kata ya milima katika Wilaya ya Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Ukiacha barabara kuu na kuingia vijijini utaikuta Landrova ya zamani ingali chombo cha kutegemewa: leo imebeba mihogo na maharage, kesho mgonjwa, keshokutwa jeneza. Aina tuliyoizoea wengi wetu, ile Series III, iliacha kuundwa mwaka 1985. Gari likifikia umri huo si ajabu injini na giaboksi vikachoka pamoja.

Hapo ndipo ufundi mpya ulipoingia. Mwenye gari hununua injini ya Kijapani iliyokwisha kutumika, na kwa kuwa magari mengi yatokayo Japani ni ya otomatiki, injini huuzwa pamoja na giaboksi yake. Fundi hung'oa vilivyokuwamo, akatoboa, akachomelea, akafunga. Kanyagio la klachi huondolewa. Dereva hubaki na mafuta, breki na usukani.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasidhani kuwa haya ni ya Waha peke yao. Nao wanazijua Landrova, na vilima vya Pemba si haba. Jambo likikubaliwa bara bila kuangaliwa halitachukua muda kuvuka bahari.

Hatusemi kwamba ufundi huu ni mbaya. Mwenye mguu wa kushoto ulio dhaifu hupata gari analoweza kuliendesha. Gari linaloondoka mlimani na mzigo haliunguzi klachi, kwa kuwa haipo, wala halistuki likavunja ekseli kwa dereva aliyeachia kanyagio kwa pupa. Tena fundi aliyeunganisha vyuma vya viwanda viwili visivyojuana, bila ramani wala mwalimu, anastahili sifa. Taifa lililohimizwa kujitegemea tangu mwaka 1967 haliwezi kumwona mtu huyo kuwa mhalifu.

Lakini yafaa tuulize kinachopotea. Katika Landrova, nyuma ya giaboksi kubwa pamefungwa kisanduku cha pili. Hicho ndicho kinachogawa nguvu kwenda magurudumu ya mbele na ya nyuma, na ndicho chenye gia nzito ya kupandia na kushukia polepole. Giaboksi ya gari la mjini haikuundiwa kisanduku hicho. Fundi asiye na bamba la kuunganishia hukiacha nje, akavuta shafti moja hadi ekseli ya nyuma. Kwa macho gari ni lile lile. Kwa kweli limekwisha kuwa teksi ndefu iliyovaa nguo za Landrova, na mwananchi anayelipa nauli hajaambiwa.

Tuliwahi kupanda gari la namna hiyo wakati wa mvua. Kupanda hakukuwa na shida kubwa. Kushuka ndiko kulikotufundisha. Dereva aliacha mkono wa gia mahali pa mwendo wa kawaida, gari likajitelemkia, naye akawa hana ila breki. Breki za Landrova hizo ni za zamani, za kutanuka ndani ya ngoma ya chuma katika magurudumu yote manne, nazo zikipata moto hulegea. Harufu ilitufikia kabla ya hofu. Kwa rehema za Mungu gari liliegemea ukingo wa udongo, likasimama. Dereva yule hakuwa mzembe. Hakuna aliyemweleza kwamba otomatiki nayo ina gia ya chini ya kushukia, na kwamba hapana budi kuichagua kwa mkono kabla ya mtelemko.

Liko pia suala la joto. Ndani ya otomatiki mafuta ndiyo yanayopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye gia, na gari likipanda taratibu na mzigo mzito mafuta hayo hupata moto mkali. Rejeta ya Landrova haikuundwa na njia ya kuyapoza. Asipofunga kipozeo, mwenye gari atakuwa amenunua giaboksi ya msimu mmoja. Na betri ikifa njiani, vijana wa kijiji hata wakiwa ishirini hawataliwasha kwa kulisukuma.

Kwamba jambo hili linawezekana kufanywa sawasawa, ushahidi upo. Kiwanda chenyewe kilitia otomatiki katika Range Rover mwaka 1982, gia tatu, kikaibadili kwa nyingine ya gia nne mwaka 1985. Nguvu ya magurudumu manne ilibaki, na gia nzito ilibaki.

Kwa hiyo kupiga marufuku si dawa. Marufuku yatazaa hongo tu. Kadi ya gari huonyesha namba ya injini na ya chasi, na mkaguzi akiziona zimepatana huridhika. Tunashauri aulize mambo mawili zaidi: je, kisanduku cha pili kipo na kinafanya kazi, na mafuta ya giaboksi yanapozwa wapi? Gari lisilo na majibu hayo libebe mizigo kwenye tambarare, lisibebe abiria milimani. Na SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lichonge mabamba ya kuunganishia kwa kipimo kimoja, ili fundi wa Kakonko asilazimike kukisia kwa jicho na moto wa kuchomelea.

Mvua za Kigoma huanza Oktoba. Maofisa wa wilaya wanaweza kuyakagua magari ya Gwarama kabla ya hapo, udongo ukiwa bado mkavu.