Mgonjwa Si Mfungwa

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, lakini maana yake ilinikaa barabara msimu wa kaskazi uliopita, pale nje ya Ngomeni.

Siku hiyo meli ya watalii ilikuwa imetia nanga Kilindini, na abiria wake walikuwa wakiizunguka ngome ile iliyoanzwa kujengwa na Wareno mwaka 1593. Miongoni mwao nilimwona bibi kizee wa Kizungu, mpira mwembamba umemwingia puani, na begani kajitundika kimashine mfano wa mkoba. Kilikuwa kikimpa oksijeni huku yeye akiuliza bei ya kikoi, na kupunguziwa hakukubali kukosa.

Ndugu msomaji, machozi yalinilengalenga. Nyumbani kwetu Ganjoni, dada yangu mkubwa anavuta oksijeni hiyo hiyo kwa mashine ya namna hiyo hiyo. Yule bibi amevuka bahari kuu. Dada yangu alikuwa hajavuka kivuko cha Likoni kwa miaka miwili. Mwenzake waliyesoma pamoja chuoni alikuwa akikaa ng'ambo. Akaugua, akamwita. Sisi tukakataa, tukamwambia: "Utatufia njiani." Mwenzake akafariki mwezi wa Shaaban, hawakuonana, na maji yaliyowatenga ni ya dakika chache tu.

Basi leo nathubutu kusema kwamba tunawafunga wagonjwa wetu, kisha kifungo hicho tunakiita mapenzi.

Twasema bahari ni hatari kwa mwenye mapafu dhaifu. Hebu tupime. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa kila pahali, lakini kadiri mtu apandavyo juu, hewa huwa nyepesi na kila pumzi humletea kidogo. Ndege ikiwa angani, hewa ya ndani yake huweza kuwa kama ya mlima wa mita 2,400. Nairobi yenyewe iko juu kwa mita 1,700 hivi. Meli haipandi mlima. Hewa yake ni ile ile ya sebuleni Ganjoni. Lakini mgonjwa akialikwa harusi Nairobi twamfungia mizigo bila kuuliza, na akitaja meli twapiga mayowe!

Ama mashine, hiyo huchukua hewa ya kawaida, ikaitenga naitrojeni na kumpa mgonjwa oksijeni. Inataka umeme tu, na ile ya begani hutumia betri. Meli kubwa ina umeme usiku na mchana.

Hata hivyo, safari hii si ya kukurupuka. Kwanza daktari aridhie, kwani mwenye hali isiyotulia hafai kusafiri. Kisha aandike barua kueleza ugonjwa na kiasi cha oksijeni kinachohitajika. Kampuni ya meli iarifiwe wiki nyingi mbele, maana kila moja ina masharti yake juu ya mitungi na mashine. Aghalabu abiria hujitegemea kwa vifaa vyake. Oksijeni ya zahanati ya melini ni ya dharura. Achukue betri za akiba za siku ya kushuka bandarini. Na achunge moto: oksijeni haiwaki yenyewe, bali huukoleza moto vikali. Sigara, mshumaa, hata chetezo chetu cha udi, vikae mbali naye. Hili la chetezo ni la nyumbani pia, akina mama mnisikie.

Wako watakaosema mgonjwa atulie na amri ya Mungu. Lakini dini yetu haikumtupa mgonjwa wala msafiri. Wote wawili wamepewa ruhusa ya kufungua Ramadhani na kulipa baadaye, na asiyeweza kusimama husali ameketi. Ruhusa hizo zatuonyesha kwamba mgonjwa angali ana maisha ya kuishi. Hata Hija imewekewa sharti la uwezo. Asiyeweza hakulazimishwa, lakini ni nani aliyetupa sisi kazi ya kuupima uwezo wa mtu bila kumwuliza mwenyewe wala daktari wake?

Sisi ni watu wa bahari. Wazee wetu walifuata kaskazi na kusi hadi Uarabuni na Bara Hindi kwa majahazi, na sidhani wote walikuwa wazima wa afya.

Najua nauli ya meli za watalii si ya kila mtu. Mwenye uwezo na asafiri, na asiye nao bado ana Likoni. Jumapili iliyopita, baada ya daktari kukubali, tulimtia dada kwenye kiti cha magurudumu, tukachukua betri mbili, tukapanda feri baada ya Alasiri. Alikwenda kuwahani watoto wa mwenzake. Alichelewa, na kosa ni letu sisi tuliomzuia.

Mwenye mgonjwa nyumbani, mwulize leo hii anatamani kwenda wapi. Kisha mwulize daktari anahitaji nini ili afike. Usingoje kuulizwa na nafsi yako wakati jibu halifai tena.

Wassalaam.